Daktari von Willebrand na familia ya kisiwani ambayo damu haikukatika

Mpenzi msomaji, huenda jambo hili limeshakukuta. Mtoto anatokwa na damu puani, unamkalisha, unambana pua, dakika zinapita na damu haikatiki. Unampeleka hospitali, anatolewa damu, majibu yanarudi: chembe sahani zinatosha, mtoto hana tatizo. Mnarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye kanga nyingine imeloa damu.

Au ni binti yako aliyevunja ungo mwaka jana. Kila mwezi anakosa shule siku tatu au nne kwa sababu pedi haimalizi vipindi viwili vya darasa. Wakubwa nyumbani wanasema asihangaike, ndivyo walivyo wanawake wa ukoo huo. Hata bibi yake alikuwa hivyo hivyo.

Leo nakuletea maisha ya daktari mmoja aliyefariki mwaka 1949. Jina lake limo katika vitabu vyote vya magonjwa ya damu, na huenda limo katika fomu ya maabara ambayo mwanao angepaswa kuandikiwa. Ukifuata maisha yake utaelewa kwa nini mtoto mwenye chembe sahani za kutosha anaweza kuvuja damu hadi kuhatarisha uhai wake, na kwa nini maneno kama ndivyo tulivyo katika ukoo wetu yanapaswa kufika masikioni mwa daktari.

Kijana aliyependa mimea na ndege

Erik Adolf von Willebrand alizaliwa tarehe 1 Februari 1870 mjini Vaasa, pwani ya magharibi ya Ufini. Wakati huo Ufini ilikuwa bado chini ya himaya ya Urusi, lakini kwao Erik, kama katika familia nyingi za pwani ile, lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswidi. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya. Tangu ujana Erik alipenda kuzunguka porini akitazama mimea, vipepeo na ndege. Mapenzi hayo ya viumbe hakuyaacha mpaka uzeeni.

Mwaka 1890 alianza kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Likizo za kiangazi za mwaka 1894 na 1895 alifanya kazi kama daktari msaidizi katika mji wa Mariehamn, kwenye visiwa vya Åland. Visiwa hivyo viko baharini kati ya Ufini na Uswidi. Ni maelfu ya visiwa, vingi vidogo visivyo na mtu, na katika vile vinavyokaliwa watu wake waliishi kwa uvuvi, ubaharia na ukulima. Likumbuke jina la Åland, kwa kuwa miaka 30 baadaye litarudi katika maisha yake kwa namna ambayo hakuitazamia.

Alihitimu udaktari mwaka 1896 akaanza kazi katika Hospitali ya Mashemasi wa Kike mjini Helsinki. Kuanzia hapo akavutwa na damu. Utafiti wake wa shahada ya udaktari wa falsafa, aliouwasilisha mwaka 1899, ulihusu mabadiliko yanayotokea katika damu baada ya mtu kupoteza damu nyingi. Baada ya hapo aliandika pia juu ya njia rahisi ya kutia rangi damu iliyopakwa kwenye kioo ili chembe zake zionekane vizuri kwa hadubini. Mwaka 1900 alioa, na yeye na mkewe wakajaliwa mabinti wawili.

Kwa miaka kadhaa alifundisha anatomia na fiziolojia, kisha akarudi kwenye tiba ya magonjwa ya ndani ya mwili. Miaka ya 1920, insulini ilipokuwa dawa mpya kabisa duniani, alikuwa miongoni mwa madaktari walioandika juu ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari waliopoteza fahamu. Mwaka 1922 akawa daktari mkuu wa idara ya magonjwa ya ndani katika hospitali ile ile ya Mashemasi. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mnyenyekevu, asiyependa kujisifia.

Mtoto kutoka Föglö

Mwaka 1924 aliletewa mgonjwa kutoka kisiwa cha Föglö, huko Åland. Alikuwa mtoto wa kike wa miaka 5. Kila mara alitokwa na damu puani, kwenye fizi na mahali popote alipojikwaruza, na ngozi yake ilijaa alama za damu kuvilia. Alipokuwa na miaka 3 alijikata mdomo, akavuja damu siku kadhaa hata nusura afe.

Wazazi wake walikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wazazi wengine. Dada zake kadhaa walikwisha kufariki utotoni, wote kwa kuvuja damu. Na si upande mmoja tu wa familia uliokuwa na historia hiyo. Kwa mama kulikuwa na watu waliovuja damu, na kwa baba vilevile.

Jiweke katika nafasi ya wazazi hao. Umezika watoto, na huyu aliyebaki akianguka akicheza unahesabu saa. Huwezi kumkataza mtoto wa miaka 5 asikimbie.

Madaktari wa wakati ule waliujua ugonjwa mmoja mkubwa wa kurithi wa kuvuja damu, nao ni himofilia. Lakini himofilia kwa kawaida huwapata watoto wa kiume. Mama huibeba bila yeye kuumwa sana, kisha humpa mwanawe. Huyu alikuwa msichana, na waliokufa walikuwa wasichana. Von Willebrand aliona kwamba jina la himofilia halikumfaa mtoto huyu. Kitu kingine kilikuwa kinaendelea.

Alichofanya daktari

Hatua yake ya kwanza haikuhitaji mashine yoyote. Aliuliza habari za ndugu. Hakuishia kwa mama na baba. Alifuatilia shangazi, wajomba, bibi na babu. Nani alitokwa sana na damu puani utotoni? Nani aling'olewa jino akavuja siku mbili? Mwanamke gani alipoteza damu nyingi mno kwenye hedhi, au baada ya kujifungua? Habari alizokusanya zilihusu watu 66 wa familia ile. Kati yao 23 walikuwa na tatizo la kuvuja damu, na walioumia zaidi walikuwa wanawake.

Hatua ya pili ilikuwa vipimo. Alihesabu chembe sahani. Hizi ni vipande vidogo sana vinavyoelea ndani ya damu, ambavyo hukimbilia mahali mshipa ulipokatika na kurundikana hapo kama watu wanaoziba tobo la mtumbwi. Mtu mwenye afya ana kati ya 150,000 na 450,000 za chembe hizo katika kila maikrolita moja ya damu, yaani kitone kidogo kuliko kichwa cha pini. Von Willebrand alikuta kwamba familia hii ilikuwa nazo za kutosha.

Akapima muda wa damu kuganda ikiwa ndani ya chombo cha kioo. Ikaganda kwa muda wa kawaida. Kisha akapima kitu tofauti: muda wa damu kukatika kwenye kidonda kidogo kilichotobolewa kwenye ngozi. Kwa kawaida damu ya namna hiyo hukatika baada ya dakika chache. Kwa mtoto huyu na kwa jamaa zake waliougua ilirefuka kupita kiasi.

Tafakari kidogo matokeo hayo, msomaji. Ndani ya chombo damu inaganda, kwenye ngozi haikatiki. Chembe sahani zipo, lakini hazifanyi kazi pale zinapohitajika. Von Willebrand akahitimisha kwamba kasoro iko mahali chembe sahani zinapokutana na ukuta wa mshipa wa damu. Mwaka 1926 aliandika matokeo yake kwa Kiswidi katika jarida la chama cha madaktari nchini Ufini, akaupa ugonjwa jina lenye maana ya himofilia bandia ya kurithi. Miaka michache baadaye aliandika pia kwa Kijerumani, na madaktari wa nchi nyingine wakaanza kumsikia.

Kamba inayotupwa kwenye mto wenye kasi

Von Willebrand hakukiona kitu chenyewe kilichokosekana. Alidhani kasoro iko ndani ya chembe sahani zenyewe pamoja na kuta za mishipa. Katika hilo alikosea kwa kiasi, na si ajabu, kwa sababu vifaa vya kukiona kitu hicho havikuwepo. Sisi leo tunakijua, na ni vizuri wewe pia ukielewe, maana ndicho kinachopimwa.

Ndani ya damu yako kuna protini ambayo mwili huitengeneza wenyewe. Inatoka katika chembe zinazotandaza ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, na nyingine huhifadhiwa ndani ya chembe sahani. Protini hiyo ni ndefu mno, mojawapo ya zilizo kubwa kuliko zote zilizomo katika damu, lakini muda mwingi huwa imejikunja kama kamba iliyoviringishwa.

Sasa mshipa ukikatika, damu inapita hapo kwa kasi. Chembe sahani zikiachwa zenyewe zinapitishwa na mkondo, kama mtumbwi unaojaribu kutia nanga kwenye mto uliofurika. Hapo ndipo kamba inapofanya kazi. Inanasa kwenye nyama ya kidonda, mkondo wa damu unaivuta na kuikunjua, na chembe sahani zinaidaka zikipita. Zikishadaka zinapunguza mwendo, zinajishikiza, zinaitana, na tobo linazibwa.

Protini hiyo ina kazi ya pili. Inambeba mwenzake dhaifu, yaani protini nyingine ya kugandisha damu inayoitwa faktari ya nane, ambayo bila kubebwa huharibika haraka. Ndiyo maana mtu aliyekosa kabisa kamba hizi anapungukiwa vyote viwili: chembe sahani haziganti kwenye kidonda, na ugandaji unaofuata nao unalegalega.

Mwili pia umeweka mkasi wake. Kuna kimeng'enya ndani ya damu ambacho kazi yake ni kuikata kamba isiwe ndefu kupita kiasi, maana ikirefuka mno chembe sahani zitanasa hata mahali pasipo na kidonda na kuziba mishipa midogo. Afya iko katikati: kamba ikipungua unavuja, ikizidi unaganda. Hata kundi la damu lina mchango wake. Watu wa kundi O kwa kawaida wana kiasi kidogo zaidi cha protini hii kuliko wa makundi mengine, ingawa wengi wao hawapati shida yoyote.

Msiba uliotangulia dawa

Yule mtoto wa Föglö alikua. Von Willebrand alikwisha kuufahamu ugonjwa wake, lakini kuufahamu ugonjwa na kuwa na dawa ni mambo mawili. Msichana alipofikisha miaka 13 alikuwa amevunja ungo. Katika hedhi yake ya nne alivuja damu mpaka akafariki.

Naomba usiipite sentensi hiyo haraka, hasa wewe mwenye binti. Hakuanguka mtini, hakupasuliwa, hakupata ajali. Ilikuwa hedhi.

Von Willebrand aliendelea kuutafuta ugonjwa huo. Miaka ya 1930 alishirikiana na daktari Rudolf Jürgens wa Leipzig, Ujerumani, kupima tena wagonjwa wa Åland kwa kifaa kilichotengenezwa kuonyesha jinsi damu inavyoziba ndani ya mirija myembamba. Hata baada ya kustaafu hakuacha. Mwaka 1945, akiwa na miaka 75, alichapisha tena makala juu ya ugonjwa wa damu wa watu wa visiwa vile. Alifariki tarehe 12 Septemba 1949 akiwa na miaka 79, kabla hajajua jibu.

Jibu lilikuja miaka 8 baadaye. Mwaka 1957 watafiti wa Uswidi, miongoni mwao Inga Marie Nilsson na Margareta Blombäck, walionyesha kwamba mgonjwa akiongezewa sehemu fulani ya majimaji ya damu iitwayo plazima, damu yake inakatika kwa muda wa kawaida. Kisha wakajaribu sehemu kama hiyo iliyotoka kwa mtu mwenye himofilia, ambaye hana faktari ya nane. Nayo ikafanya kazi. Maana yake ilikuwa wazi: wagonjwa wa Åland walikosa kitu kingine, na kitu hicho kimo katika plazima, wala si kasoro ya chembe sahani zao. Watafiti hao walikwenda mpaka Åland, wakawapima jamaa za yule msichana na kuthibitisha kuwa ni ugonjwa ule ule.

Protini hiyo ikapewa jina la daktari aliyeanza safari, ikaitwa faktari ya von Willebrand. Mwaka 1985 wanasayansi waliweza kusoma kinasaba chake, ambacho kiko kwenye kromosomu ya 12. Kwa kuwa kromosomu hiyo haihusiani na jinsia ya mtu, ugonjwa huu huwapata wavulana na wasichana sawa. Wasichana huonekana kuumia zaidi kwa sababu hedhi na uzazi huwapima kila mara.

Leo tunajua kwamba huu ndio ugonjwa wa kurithi wa kuvuja damu unaowapata watu wengi zaidi duniani, kuliko hata himofilia. Walio wengi wana aina nyepesi, waliyorithi kwa mzazi mmoja, na wanaishi maisha marefu bila hata kujua. Aina kali kama ya yule mtoto wa Föglö ni adimu, na hutokea mtoto anaporithi kasoro kwa baba na kwa mama. Ndiyo maana ilijitokeza visiwani, ambako koo chache zimeoana kwa vizazi vingi. Ikiwa katika jamii yenu mnaoana binamu kwa binamu, na kuna watu wanaovuja damu pande zote mbili, hilo ni jambo la kumweleza daktari mapema.

Dalili za kuangalia nyumbani

Kutokwa na damu puani mara moja moja ni kawaida kwa watoto. Wasiwasi uanze pale inapojirudia mara kwa mara na kupita dakika 10 hata baada ya kubana pua vizuri. Angalia pia alama za kuvilia damu zinazotokea bila kugongwa, fizi zinazotoa damu sana, jeraha dogo linaloanza kuvuja upya baada ya kukauka, na damu isiyokatika baada ya kung'olewa jino au kutahiriwa.

Kwa binti au mama: hedhi inayozidi siku 7, pedi inayojaa ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa ya damu, kuamka usiku kubadilisha, au kukutwa na upungufu wa damu unaorudi kila baada ya kumaliza vidonge vya kuongeza damu. Kuvuja sana baada ya kujifungua ni dalili pia, na katika ugonjwa huu kunaweza kuja siku au hata wiki kadhaa baadaye, wakati mama amesharudi nyumbani.

Mambo haya binti mara nyingi humwambia shangazi, bibi au somo wake kabla ya kumwambia mama. Kama wewe ndiye unayeaminiwa, usimfundishe tu namna ya kujihifadhi. Muulize anabadilisha mara ngapi kwa siku, na siku ngapi.

Ukifika hospitali

Kipimo cha kawaida cha picha ya damu kinahesabu chembe sahani, na umeshaona kwamba kwa ugonjwa huu hesabu inaweza kuwa sawa kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa hesabu ni nzuri, na dalili bado zipo, uliza kwa heshima kama mwanao anaweza kupimwa faktari ya von Willebrand au kupewa rufaa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya damu. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali. Hospitali kubwa za rufaa ndizo pa kuanzia. Fahamu pia kwamba kiwango cha protini hii hupanda mtu akiwa na homa, hofu kubwa au ujauzito, hivyo jibu moja zuri halifungi mlango. Daktari anaweza kutaka kurudia.

Kabla ya kwenda, fanya kile alichofanya von Willebrand. Chukua daftari, kaa na wazee wa pande zote mbili, uliza na uandike. Nani alivuja damu, akiwa na umri gani, kwa tukio gani, kwa muda gani. Wazee wengine wataona aibu kutaja hedhi na uzazi. Waeleze kwamba ni kwa ajili ya mjukuu. Karatasi hiyo inaweza kumsaidia daktari kuliko vipimo vingi.

Tiba ipo. Iko dawa ya kusaidia bonge la damu lisiyeyuke mapema, asidi ya traneksamiki, ambayo hutumika kwa hedhi nzito, jino na pua. Iko desmopresini, inayoufanya mwili utoe protini iliyohifadhiwa kwenye kuta za mishipa. Hiyo inawafaa wengi wa aina nyepesi lakini haiwafai wa aina kali, kwa kuwa hawana akiba ya kutoa. Kwao kuna kuongezewa protini yenyewe iliyotengenezwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji. Vidonge vya homoni navyo hupunguza hedhi kwa baadhi ya mabinti. Zote hizi ni za kuandikiwa na daktari. Usinunue dukani kwa kuambiwa na jirani.

Mambo ya kuepuka

Mtoto au mtu mzima mwenye dalili hizi asipewe aspirini kwa maumivu au homa, wala dawa kama diklofenaki na ibuprofeni bila ruhusa ya daktari. Dawa hizo huzizuia chembe sahani zisishikamane, na kwake tayari kushikana kwenyewe ni kwa taabu. Paracetamol kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi.

Usikubali mtoto wa namna hii akatwe kimio na waganga wa mitaani kwa sababu ya kikohozi. Kukata kimio hakuponyi kikohozi kwa mtoto yeyote, na kwa huyu kunaweza kumuua. Tohara, kung'oa jino na upasuaji wowote vifanyike hospitali, baada ya kumwambia mhudumu historia ya familia. Chanjo asikose, mweleze muuguzi kwanza, kisha mahali palipochomwa pakandamizwe kwa dakika kadhaa.

Mtoto akitoka damu puani, mkalishe akiwa ameinama mbele kidogo, sio kulala chali. Bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 mfululizo bila kuachia ili kuchungulia. Isipokatika, rudia mara moja huku mkijiandaa kwenda hospitali. Nenda bila kusubiri ikiwa amegonga kichwa, anatapika damu, anapata choo cheusi kama lami, amezimia, au binti anajaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo.

Mpenzi msomaji, mwaka 1924 wazazi wa yule mtoto walisafiri kwa bahari kumpeleka kwa daktari, na daktari akawasikiliza mpaka mwisho. Ilikosekana dawa tu. Leo dawa ipo, na mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba damu ya mwanawe haikatiki, na kwamba ya mama na bibi nayo haikukatika. Kama umesoma hapa ukamkumbuka mtu wa nyumbani kwako, anza na lile daftari jioni hii, na wiki hii umfikishe kwa daktari.